Shughuli ya Watu Ishirini

Biashara ya kupokea simu za watu ukiwa nyumbani haihitaji mtaji mkubwa. Inatosha kuwa na simu za vitochi, daftari, kalamu, na sauti isiyofichua kwamba mwenye nayo amevaa khanga na malapa. Mafundi na wafanyabiashara wadogo wengi wa Dar es Salaam hupoteza wateja kwa sababu tu mikono yao imejaa grisi au unga simu inapoita. Nikawaambia wabonyeze **21*, waandike namba yangu, wamalizie na alama ya #, na simu zao zote zitahamia sebuleni kwangu Tabata. Waliokuwa wa mwanzo kukubali ni mama mmoja mpishi wa shughuli na mzee mmoja mwenye gari la kunyonya majitaka.

Kila mmoja nilimtengea kitochi chake, na kwa kuwa vyote vilikuwa vyeusi na vya aina moja, nilivibandika plasta nyeupe: kimoja MAPISHI, kingine MAJITAKA. Mpigaji hajui kwamba simu yake imehamishwa, hivyo anatarajia kuitikiwa na ofisi aliyoipigia, si na mtu anayeuliza kwanza, "Samahani, wewe ni wa choo au wa pilau?"

Wakati huo shangazi alikuwa amekuja kutoka Tanga kutujulia hali, na kwake ni aibu simu kuita mara tatu bila kupokewa. Nikiwa jikoni alipokea yeye, na hakuna mteja aliyefika kwenye hoja kabla ya kuulizwa hali yake, ya watoto wake na ya mvua za huko kwao. Simu inapohamishwa, anayelipia kipande cha pili, yaani kutoka namba iliyopigwa hadi kwangu, ni mwenye namba hiyo. Kwa hiyo adabu ya shangazi ilikuwa ikilitafuna salio la mzee wa majitaka, naye akaanza kunung'unika.

Kisha mpwa wangu akazibandua plasta zote mbili ili amfunge mdoli wake jeraha. Shangazi, ambaye hapendi kitu kikose mahali pake, akazirudisha bila kuniarifu, na bila miwani.

Asubuhi kitochi cha MAPISHI kikaita. Kabla sijajitambulisha, mwanamume mwenye sauti ya uchovu alinidakia:

"Dada, tunawahitaji haraka sana."

"Ondoa shaka, kaka. Ni ya watu wangapi?"

"Tuko wapangaji ishirini."

"Tuje na vyombo vyetu?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani mlitaka kutumia vya kwetu?"

Nikaandika: vyombo vyetu. Nilipomwuliza kama tuhudumie wenyewe au tuwaachie wajihudumie, alijibu kwa ukali kwamba hakuna mtu wa nyumba ile atakayegusa chochote. Hilo halikunishangaza, maana wenye shughuli hupenda kukaa wakahudumiwa.

"Na yatakayobaki, tuwaachie au tuyabebe?"

"Bebeni yote! Msiache hata tone!"

Hata hilo "tone" nililichukulia kuwa ni la mchuzi.

Mama mpishi hakubali kazi kabla ya kukagua eneo, ajue mafiga yatakaa wapi, maji yanatoka wapi na masufuria yatapita mlango gani. Kesho yake akaenda, amevaa kitenge chake kipya, daftari mkononi. Mwenyeji alimpokea akiwa ameziba pua kwa leso, akampitisha hadi uani, akafunua kipande cha bati na kumwambia, "Shughuli yenyewe ndiyo hii. Inafurika tangu Ijumaa."

Haya yote nilisimuliwa baadaye. Kwa wakati ule nilichoona ni kitochi cha MAJITAKA kikiita kwa namba ngeni, kwa kuwa simu ya mama iliisha chaji, akaazima ya mwenyeji na kupiga namba yake mwenyewe ya biashara. Nikapokea kwa ile sauti yangu ya ofisini:

"Habari za asubuhi, karibu majitaka. Shimo lenu limejaa kiasi gani?"

"Limejaa pomoni, mwanangu," alijibu mama mpishi, "nami nimesimama kandoni mwake na daftari, nangoja uniambie pilau nilipakulie wapi."