Mufanyakazi anaficha kikohozi, na siku 22 njo zinamufundisha kuficha

Juzi kwenye gurupe moja ya WhatsApp hapa Lubumbashi batu balibishana sana. Mukubwa mumoja wa RH (biro yenye kuchunga mambo ya bafanyakazi) kwenye kampuni fulani ya migodi aliandika kama kampuni yao imeshaleta kila kitu: dispansere (kliniki ndogo) ndani ya kiwanda, vizite medikale (kupimwa na munganga) kila mwaka, kaske, maski, ganti, hata siku ya michezo, na bado batu banakuja kazini bagonjwa, banavua maski, banamudanganya munganga. Akamaliza: "Batu betu habapendi afya yao." Bengi baliweka kidole cha kukubali. Mimi sikuweka, na tangu siku ile ile neno inanizunguka kichwani.

Tumupe haki yake kwanza juu ana haki, si kidogo. Kode ya kazi (sheria ya kazi ya Kongo) inamubebesha mwenye kampuni matunzo ya mufanyakazi pamoja na bibi yake na batoto, na mufanyakazi akilala mugonjwa bado anapaswa kumulipa mbili ya tatu ya mushahara. Kwa kampuni kubwa ile inawezekana, lakini sutretaa (kampuni yenye kufanyia kampuni kubwa kazi) mudogo mwenye batu 30, mutu mumoja akipasuliwa tumbo, hesabu ya mwezi inakufa. Kisha hapa Katanga tuna kumbukumbu ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Kampuni ilikuwa hospitali, shule, posho, nyumba, kila kitu, batu balizoea kusema kazi njo baba kazi njo mama. Katikati ya miaka ya 80 ilikuwa inatosha tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka, kufika 2003 ilikuwa imebaki chini ya tani 30,000, na ule mwaka bafanyakazi zaidi ya 10,000 balitoka na ile kitu baliita "depari volontere", kuacha kazi kwa kupenda. Baba akianguka, nyumba nzima inaanguka naye. Kwa hiyo bosi wa leo akisema "mimi si baba yako, nalipa mushahara tu", ana sababu yenye tuliiona na macho. Ongeza bei: Februari 2025 serikali ilisimamisha kobalti kutoka inchi, na mwenye kuuza hajue kesho atauza ngapi. Namna gani achukue batu bengi kwa kontra (mukataba) bila mwisho?

Na kuna sababu ya mwisho, yenye nguvu kuliko zote, nitairudilia: anachukua mutu leo, kumbe ule mutu amevuta vumbi miaka 12 kwa mapatro (mabosi) bengine, ugonjwa unatokea kwake yeye. Juu ya nini alipe peke yake?

Sawa. Sasa tuangalie namba moja, 22.

Artikeli ya 40 ya Kode ya kazi, ile sheria ya 16 Oktoba 2002, inasema jurnalie, mutu wa kibarua wa siku kwa siku, akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimuita tena mbele ile miezi miwili iishe, inahesabiwa kama umemupa kontra bila mwisho. Mwenye kuandika ile sheria alitaka kumulinda mutu, alitaka kusema huyu umemutumikisha vya kutosha, sasa ni mufanyakazi wako. Lakini uliza mutu yeyote mwenye kusimama kwenye mulango wa kiwanda mbele jua itoke. Kapita, musimamizi wa kazi, anahesabu. 18, 19, 20, 21, kisha "mupumzike kidogo, tutabaita". Mutu anakaa nyumbani, anatafuta kibarua pengine, ile miezi inapita, anarudi, hesabu inaanza tena kwa 1. Si kila kampuni inafanya vile, kuna zenye kuheshimu sheria na nazijua, lakini desturi yenyewe iko na kila mutu wa Kampemba ao wa Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, anaijua.

Nafikiria ile namba mara mingi kuliko inavyofaa, pengine. Juu mapafu haina kalandrie. Vumbi ya silisi (vumbi ndogo ya mawe) yenye mutu alivuta mwezi wa tatu haitoke siku ya 21 pamoja naye, inabaki ndani, ya mwezi wa sita inakuja juu yake, na ya mwaka kesho kwa patro mwingine juu ya ile. Silikozi ni ugonjwa wa polepole, mara mingi inachukua miaka 10 na kupita mbele mutu aanze kukosa pumzi, na kabla ya ile inafungulia kifua kikuu mulango. Kwa mwili huyu mutu ametumika miaka 10 bila kupumzika. Kwa karatasi hajatumika hata mwezi mumoja mzima, popote, kwa mutu yeyote. Ukimuuliza ugonjwa wake ulitoka kwa nani, hana jibu, na sheria pia haina.

Sasa mukalishe ule mutu kwenye siku ya 17 na kikohozi. Akienda kwa dispansere, munganga ataandika "inapte", maana yake hawezi kazi, hata kama ni ya siku tano tu. Mwenye kontra anapata zile mbili ya tatu. Jurnalie hapate kitu, na kesho asubuhi mwingine amesimama pahali pake, kijana, mwenye mapafu mapya. Basi anaficha. Nina jirani yangu, sitasema jina, anasaidia basuderi (bale ba kuunganisha vyuma) kwenye sutretaa mumoja njia ya Kipushi. Siku za vizite anaamuka usiku, anakunywa maji ya moto na tangawizi na asali mpaka koo ilainike, na njiani hasemi na mutu yeyote juu kusema kunamuletea kukohoa. Bibi yake aliniambia anafanya mazoezi ya kupumua mbele ya kioo ili munganga akimuambia "vuta pumzi" asishikwe. Ule mutu ukisema hapendi afya yake utakuwa umekosea sana, anaichunga kama mutu anachunga deni.

Si jurnalie peke yake. Mwenye kontra ya mwaka mumoja, vizite ikianguka wiki tatu mbele ya kontra kwisha, anajua karatasi ya munganga itafika kwenye meza moja na karatasi ya kurudilia kontra. Hakuna mutu mwenye kumuambia uso kwa uso kama ataachwa juu ya ugonjwa. Hahitaji kuambiwa.

Juu ya maski, nakubali na RH kama batu banavua. Lakini umeshavaa ile kitu masaa 9 na joto ya Oktoba, mvua haijaanguka? Na maski ya karatasi haizuie vumbi ndogo ya silisi, inahitaji yenye filtre, na filtre inabadilishwa. Batu ba usalama wa kazi banajua kama maski njo kitu ya mwisho, mbele yake kuna kulowesha mawe na maji wakati wa kutoboa, kuna mashine za kuvuta vumbi, kuna kufunga mahali pa kusaga. Ile yote ni gharama ya kampuni. Maski ni kitu yenye unaweza kumuwekea mufanyakazi kosa.

Na vumbi haibaki kiwandani. Mwaka 2020 batafiti ba Université ya Lubumbashi na ba Ubelgiji balitangaza utafiti wao juu ya batoto benye kuzaliwa na kilema hapa mujini. Kitu yenye iliungana na ile zaidi ni baba kutumika kazi ya migodi, hatari zaidi ya mara 5. Batoto balikuwa 138 benye kilema na 108 bengine ba kulinganisha, ni kidogo, kwa hiyo namba ya kweli inaweza kuwa chini sana ao juu sana kuliko 5, na kuungana si kusema moja kwa moja kama ni sababu. Hata hivyo baba njo yuko kwenye ile namba, si mama peke yake kama tulizoea kusema. Jurnalie anarudi nyumbani na salopeti ileile, anabeba mutoto mbele ya kuoga, bibi anaifua ndani ya beseni moja na nguo za batoto. Duche na mahali pa kufulia nguo kwenye kazi ingesaidia afya ya mufanyakazi kuliko siku ya michezo, na hakuna mutu angeificha.

Nirudilie ile sababu ya mwisho, ya kurithi ugonjwa wa patro mwingine. Jibu iko tayari. CNSS, kasha ya serikali ya kulinda bafanyakazi, inapokea 18 kwa mia ya mushahara, mufanyakazi anatoa 5, patro 13, na ndani ya ile 13 kuna 1.5 ya ajali na magonjwa ya kazi. Ile 1.5 njo kapu la bote, bapatro bote banaweka kidogo kidogo ili mumoja asibebe peke yake miaka 12 ya bengine. Lakini kapu linajua tu mutu mwenye kutangazwa. Ukimukata siku ya 21 na hukumutangaza, wewe mwenyewe njo unatoboa kapu, kisha unalia kama unabeba mzigo peke yako. Hapa siwezi kumufuata RH hata hatua moja.

Mimi naona jurnalie atangazwe tangu siku ya 1, na kitabu ya afya yake imufuate yeye, si kampuni, na munganga amuambie bosi "anaweza kazi hii" ao "asitumike kwenye vumbi" bila kutaja ugonjwa. Itapunguza kazi? Inawezekana, sutretaa mudogo atachukua batu 8 pahali pa 10, na bale babili ni batu ba hapa kwetu, nabajua, sina jibu ya kubafurahisha. Lakini leo bote 10 banakohoa ndani ya mukono na kila mumoja anamuficha mwingine, na kifua kikuu kinapita kwenye basi ya kazi mpaka kwa batu ba biro.

Dawa ya kifua kikuu ni bule, ni miezi 6, na mutu akianza kunywa vizuri, mara mingi kisha wiki mbili tatu haambukize tena. Nilimuambia jirani vile juma iliyopita. Alisikiliza yote. Kisha aliuliza kama santre ya afya inaweza kumupokea siku ya Mungu, juu siku ya kazi hawezi, ako kwenye siku ya 19.