Turudishieni Demo ya Septemba

Septemba 2018 nililala sebuleni usiku mbili mfululizo kwa ajili ya demo. Simu ilikaa dirishani, maana hapo ndipo mtandao ulikuwa unashika vizuri, ikiigawia mashine yangu ya gemu, PS4, intaneti. Demo ya FIFA 19, gemu ya mpira wa miguu, ilikuwa imetoka tarehe 13, nami nilikuwa nimenunua bando la usiku, lile linaloanza saa sita na kuisha alfajiri. Saa kumi na moja na ushei nikaamka kuangalia: asilimia 91. Sijakaa sawa, bando likakata. Asilimia 9 zilizobaki zikasubiri usiku wa pili, nami nikashinda kutwa nzima kazini nikiziwazia kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Kwa asiyecheza gemu, demo ni kipande kidogo cha gemu kinachotolewa bure, mara nyingi wiki moja au mbili kabla gemu yenyewe haijaingia sokoni. Ile ya FIFA 19 ilikuwa na timu kumi, Real Madrid, Juventus na Manchester City zikiwemo, na mechi za dakika chache tu. Lakini ndani ya dakika hizo ulikuwa unajua kila kitu. Mwaka ule walileta namna mpya ya kupiga shuti: unabonyeza kitufe cha kupiga, halafu unakibonyeza tena mguu unapougusa mpira. Ukipatia, alama ya kijani inatokea na shuti linakwenda kama jiwe. Ukikosea, mpira unaishia jukwaani. Siku ya kwanza nilipaisha mashuti yote. Siku ya tatu kidole gumba kilikuwa kimeshajua wakati wake, na gemu ilipofika kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu tarehe 28, mimi na wenzangu wawili tuliokuwa na demo tulikuwa tunawafunga watu watano watano. Mwenye kibanda alikuwa anatoza mia tatu kwa mechi, na anayefungwa ndiye anayelipa. Wiki ile sikulipa hata mara moja.

Kuonja ni jambo la kawaida kabisa kwetu. Muuza tikiti sokoni anakukatia pembe ndogo uone wekundu wake, na usipoupenda unakwenda zako bila ugomvi. Hakuna anayemwona mnunuzi huyo kuwa mwizi. Ila katika gemu, bidhaa ambayo mpya yake ya PS5, mashine iliyoifuata PS4, inaweza kuuzwa dola 70, yaani zaidi ya laki moja na nusu za Kitanzania, tumezoeshwa kununua tikiti zima kwa kutazama picha ya tikiti.

Wapo watakaosema zamani hatukuwa na demo na tuliishi. Kweli, lakini zamani tulikuwa na PS2 zilizochezewa na mafundi ili zikubali sidii za kuchoma, yaani za kunakili. Gemu mbaya ilikuwa hasara ndogo, unaitupa kabatini na kununua nyingine wiki ijayo. Ilipokuja PS4, njia hiyo ikafungwa. Ni diski halali au duka la mtandaoni, na duka lenyewe halikutujengea mlango: ukifungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Kwa hiyo tunajiandikisha kama watu wa Marekani au Uingereza, halafu tunatafuta kadi za zawadi za nchi hizo, zile za kulipia dukani humo, kwa wauzaji wanaojua kuongeza cha juu. Katika duka zima lile, demo ilikuwa kitu ambacho kijana wa Mbagala au wa Likoni angeweza kukichukua sawasawa na mwenzake wa Chicago. Haikuomba kadi ya benki wala namba ya siri. Iliomba subira tu, na subira tunayo.

Ndiyo maana uamuzi wa 2020 uliniuma kuliko walivyodhani walioufanya. EA, kampuni inayotengeneza gemu hiyo, walitangaza kwamba FIFA 21 haitakuwa na demo, kwa maelezo kwamba wanataka nguvu za watengenezaji ziende kwenye gemu kamili. Demo ya FIFA 20, ya Septemba 2019, ikawa ya mwisho kutolewa kabla ya gemu. Gemu yenyewe ikaja kubadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, na demo hiyo ya kabla ya gemu haikurudi. Kilichobaki kabla ya gemu kutoka ni jaribio la saa 10 kwa wanaolipia uanachama wa EA Play. Saa 10 ni nyingi, sibishi. Lakini kuonja kunakolipiwa ni kununua, na kunamrudisha yule yule asiye na kadi nje ya mlango. Konami, wapinzani wao, nao waliifanya gemu yao ya mpira, eFootball, kuwa ya bure mwaka 2021, wakaizindua ikiwa mbovu kiasi kwamba walilazimika kuomba radhi. Angalau hapo aliyeonja hakupoteza ila bando.

Jingine linalonikera ni demo za saa ya ukutani. Aprili 2021, kampuni ya Capcom ilitoa demo ya gemu ya kutisha, Resident Evil Village, kwa wenye PlayStation: nusu saa ya kucheza, ndani ya dirisha la muda wa saa nane tu, kisha inafungwa. Ukiwa zamu, ukiwa msibani, umeme ukikatika, imekupita. Watu walilalamika, na demo ya mwisho, ya dakika 60 kwa mashine zote, ikaongezewa muda kutoka siku moja hadi zaidi ya wiki. Walifanya vizuri kusikiliza. Lakini aliyebuni dirisha la saa nane hakuwahi kulala sebuleni akisubiri asilimia 9.

Na demo nzuri zipo, kwa hiyo nisiambiwe haiwezekani. Dragon Quest XI S ya Switch, mashine ya Nintendo, ilitoa demo mwaka 2019 inayokaribia saa kumi za mchezo, na ukinunua gemu unaendelea pale pale ulipoishia. Final Fantasy XVI ilifanya vivyo hivyo Juni 2023: saa mbili za mwanzo, siku kumi kabla ya gemu kutoka, na hatua zako zinahifadhiwa. Octopath Traveler ilikwenda mbali zaidi. Demo yake ya 2017 iliambatana na maswali kwa wachezaji, na maoni yakafanyiwa kazi. Watu walisema mhusika anatembea polepole mno, na gemu ilipotoka 2018 alikuwa anaweza kukimbia. Hapo anayeonja anakuwa na sauti jikoni.

Hoja ya upande wa pili naifahamu. Mwaka 2013, Jesse Schell, mbunifu na mwalimu wa gemu wa Marekani, alionyesha takwimu kwamba gemu zilizotoa trela, yaani video fupi ya kuitangaza gemu, bila demo ziliuza zaidi kuliko zilizotoa vyote viwili. Wenye kampuni wakaipenda hoja hiyo. Mimi naisoma hivi: baadhi ya watu walionja, wakagundua si chao, wakabaki na fedha yao. Fedha ile haikupotea. Ilikuwa ya ada, ya kodi, au ya gemu nyingine iliyostahili. Ukiniambia biashara inakwenda vizuri pale mnunuzi asipojua anachonunua, umeniambia habari za biashara hiyo, hujaniambia ubaya wa demo.

Tena ukishanunua huna pa kurudi. Katika duka la PlayStation unaweza kuomba fedha yako ndani ya siku 14, lakini ukishaanza tu kuipakua gemu, haki hiyo inakwisha, labda iwe na kasoro. Wenye kompyuta wanaotumia duka la Steam wanarudishiwa wakiwa wamecheza chini ya saa mbili. Sisi wa konsoli, mashine kama PS4, tulikuwa na demo badala yake, na ile ya Septemba imeondolewa.

Siombi timu kumi. Wachukue uwanja mmoja, timu mbili, mechi ya dakika sita, wautoe wiki mbili kabla na wauache pale mwaka mzima, usiwe na saa wala uanachama. Wapunguze na uzito wa faili, maana kuna watu wataushusha kwa simu iliyowekwa dirishani. Dirisha langu lipo, na bando la usiku bado linauzwa.