Nilikuwa Namsubiri Kijana Wao Mpendwa

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya simu aliyoirekodi Wakili, mpinzani wangu mezani, ninaomba niweke kwa maandishi kwamba Jumamosi sikwenda Mwenge kuchangia harusi ya watu nisiowajua. Nilikwenda kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupambana wawili wawili, kama walivyokwenda wengine wote waliokuwapo kwenye baraza ile, na kila kilichotokea kina maelezo yake, hata kama maelezo hayo hayanipi heshima yoyote.

Wanaotufahamu wanajua kwamba meza yetu hucheza mtindo wa Pauper, ambao huruhusu tu kadi zilizowahi kutolewa katika daraja la chini kabisa, zile zinazopatikana kwa wingi. Vilevile tumekubaliana kutumia nakala tunazojichapishia, kwa sababu ukiagiza kadi halisi kutoka Marekani, gharama ya kuzisafirisha humaliza fedha kabla kadi yenyewe haijaonekana. Katika mashindano rasmi nakala za kujichapishia hazikubaliwi, lakini mashindano rasmi hayafanyikii kando ya jiko la chipsi.

Mimi nilijitengenezea deki, yaani rundo la kadi za kuchezea, nyekundu tupu, ambayo ni kimbilio la miaka mingi la mchezaji asiye na kitu mfukoni. Mpinzani huanza na uhai wa 20. Lightning Bolt, ambayo ipo tangu toleo la kwanza la mwaka 1993, hugharimu mana moja tu, yaani nguvu ya kulipia kadi, na humpunguzia 3. Lava Spike na Chain Lightning humtenda vivyo hivyo. Na Fireblast humkata 4, tena badala ya kuilipia mana sita unaweza kutoa kafara Mountain zako mbili zilizo mezani, yaani kadi za ardhi zinazokupa mana nyekundu. Falsafa ya deki hii ni kumchoma mtu mpaka aishe, na ninaipenda kwa kuwa haihitaji akili nyingi.

Deki ni kadi 60. Karatasi ya A4 hubeba kadi tisa, kwa sababu kadi moja ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, kwa hiyo nilihitaji karatasi saba tu za manila. Dada wa duka la uchapaji Kariakoo aliniambia bei ya manila mpya, akaiona sura yangu, akanihurumia. Alikuwa na rundo la kadi za mchango wa harusi za kukunjwa, ambazo zilikuwa bado hazijakunjwa. Tarehe ilikosewa, familia ikazikataa, na upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa. “Kaka yangu, hizi nitakuhesabia robo ya bei,” alisema. Nani kati yenu angekataa? Msijibu.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio, nilikuwa nimelipanga faili langu vizuri kuliko nilivyowahi kupanga jambo lolote maishani. Mountain zote 18 zilikaa mstari wa chini wa kila karatasi. Lightning Bolt zote zilikaa kona ya juu, na Fireblast zote katikati kabisa. Dada akachapa, akakata kwa mashine, nikazivisha vifuko vya plastiki angavu, maana vile visivyopitisha macho vina bei ya watu wengine. Niliona kwamba migongoni kuna maua na maandishi, lakini nilijiambia kwamba zote zimetoka kwenye harusi moja, kwa hiyo zote ni sawa.

Mchezo wa kwanza niliushinda haraka sana, na hapo ndipo nilipoanza kuongea. Wa pili Wakili aliushinda, na niliona kwamba haniangalii usoni bali anaiangalia mikono yangu, nami nilikuwa nimeishikilia mbele ya kifua kama muuza magazeti kwenye foleni ya Ubungo, migongo yote ikimwelekea yeye. Nilidhani ni hofu. Sisi tuliolelewa na bao tunajua kwamba mtu akiinamisha macho ameelemewa.

Sasa tulieni, tuingie mchezo wa tatu.

Wakili ana uhai wa 7. Mbele yake zipo Island mbili ambazo hajazitumia, yaani mana mbili za buluu, ambazo ndizo hasa gharama ya Counterspell, kadi ya kuifuta kadi ya mpinzani pale anapoicheza. Mkononi nina kadi mbili, Lava Spike na Fireblast, na hesabu hata mtoto wa chekechea anaiweza: 3 na 4 ni 7. Ninaiweka Lava Spike mezani. Wakili anaitazama, kisha anaitazama ile kadi moja iliyobaki mkononi mwangu, anaitazama kwa muda mrefu na kwa upendo, halafu anasema, “Pita.”

Amepita! Ninajiambia kwamba hana kitu. Ninasogeza chupa ya soda ili historia ipate nafasi. Ninasimama, jambo ambalo halihitajiki katika mchezo huu. Ninaichukua Mountain ya kwanza, ninawaonyesha watazamaji, ninailaza makaburini, kwenye rundo la kadi zilizokwisha kazi, taratibu. Mkono wangu ukiwa bado njiani kuifuata Mountain ya pili, Wakili anailaza Counterspell mezani, anairekebisha kwa kidole ikae sawa, kisha anaendelea kula chipsi zake.

Fireblast ikafutwa. Mountain zangu mbili hazikurudi, kwa kuwa kafara hairudishwi hata kama dua haikupokelewa.

“Kwa nini hukuizuia Lava Spike?” niliuliza, nikiwa bado nimesimama.

“Nilikuwa namsubiri kijana wao mpendwa.”

“Kijana gani?”

Akainyoosha mikono, akaichukua Fireblast na kuigeuza. Nyuma yake, kwa herufi za dhahabu zilizokatwa vizuri na mashine ya Kariakoo, palisomeka “kijana wao mpendwa”. Kisha, kwa utaratibu wa mtu aliyefanya utafiti, akawaeleza wenzetu kwamba penye ua waridi ni Lightning Bolt, penye “kwa hali na mali” ni Lava Spike, na penye namba za simu ni Mountain. Alikuwa ameyajua hayo tangu katikati ya mchezo wa kwanza. Watu wakaacha michezo yao, wakazikusanya kadi zangu na kuzipanga kifudifudi tisa tisa, na mezani ikatokea kadi nzima: familia moja ya Tabata inaomba mchango wangu, na namba ya mhazini inaonekana yote.

Meza ikaketi kama baraza la wazee. Ikaamuliwa kwamba kucheza na kadi zenye alama ni kosa, na kwamba adhabu yangu ni kuutuma mtaji wangu wa chipsi, Sh 5,000, kwenye namba ile, hapo hapo, kwa simu yangu. Nikatuma ili yaishe.

Hayakuisha. Dakika chache baadaye simu ikaita, na Wakili akabonyeza kipaza sauti kabla sijamzuia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, Mungu akubariki, nimepokea. Wewe ni wa upande gani vile?”

Nikiwa ninatafuta upande, Wakili akainama kwenye simu na kusema kwa sauti ya ustaarabu kabisa, “Huyo ni rafiki wa bwana harusi, mama, na hiyo ni sehemu tu. Ahadi yake ni laki moja.”

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu mmevisikia wenyewe kwenye rekodi, sivirudii.

Leo asubuhi nimeingizwa kwenye kundi la kamati. Orodha imeshawekwa: nimeahidi 100,000, nimelipa 5,000, ninadaiwa 95,000, kiasi ambacho kingenipatia manila mpya, vifuko visivyopitisha macho na chipsi za meza nzima. Mama mhazini ameniuliza faraghani kama nitahitaji kadi ya mtu mmoja au ya wawili. Nimemjibu ya wawili, na jina la pili nimemwandikia la Wakili, pamoja na namba yake, na ahadi yake ya laki mbili.