Muziki kwenye kumbi za gemu: nani achague wimbo?

Ukipita Kayole au Umoja jijini Nairobi jioni, ukumbi wa PlayStation utausikia kabla hujauona. Arbantone, ule muziki wa vijana wa Kenya, inanguruma, na ndani vijana wamekodolea skrini macho huku wenzao wakingoja zamu. Wanaoshindania pesa hulalamika kwamba kelele hizo zinawaharibia mchezo. Wenye kumbi hujibu kwamba pakiwa kimya wateja hawaingii. Kila upande una hoja, ila uzito wake unategemea gemu inayochezwa.

Kwenye gemu za risasi kama Call of Duty, mlalamikaji ana haki kabisa. Nyayo za adui hukuonyesha anatokea upande gani na amekaribia kiasi gani. Besi ikizimeza nyayo hizo, unapigwa risasi na mtu ambaye ungemsikia mapema. Soka ni tofauti. Nafasi ya kupenyeza pasi, winga anayekimbia pembeni, kipa aliyetoka langoni: yote hayo unayaona kwa macho. Usipomsikia mtangazaji, hujapoteza bao. Mchezaji wa soka anayemlaumu dijei kwa kipigo cha mabao manne ananipa shaka.

Tena muziki si mgeni kwenye gemu. Space Invaders ya 1978 ilikuwa na noti nne tu zilizojirudia, zikienda kasi kadiri wavamizi walivyozidi kupungua. Noti hizo zilimtia mchezaji presha, na presha hiyo ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe.

Mwaka 2009, watafiti Gianna Cassidy na Raymond MacDonald walichapisha utafiti kuhusu watu waliocheza gemu ya kuendesha gari. Waliosikiliza muziki waliojichagulia walifurahia zaidi na hawakuona kama unawavuruga sana. Waliowekewa na watafiti muziki wa kuchemsha damu ndio waliovurugika na kupata wasiwasi zaidi. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu kwenye kumbi zetu wimbo huchaguliwa na mwenye simu iliyounganishwa na spika, naye mara nyingi hana hata pedi ya kuchezea mkononi. Anamchagulia kijana aliyelipia mechi yake, na mechi hiyo huenda ndiyo starehe yake pekee ya wiki.

Siwalaumu wenye kumbi. Kodi inadaiwa, na wanaongoja zamu huvumilia foleni kwa sababu wanaimba. Lakini siku ya mashindano ya pesa, hasa ya gemu za risasi, spika izimwe na kila mchezaji avae hedifoni. Asiye nayo aazimwe na ukumbi, kwa kuwa ameshalipa kiingilio. Siku za kawaida muziki uendelee, ila simu iwafikie walioshika pedi: aliyefungwa mechi iliyopita achague wimbo wa mechi ya marudiano.