Kura inapoangukia kwenye giza la dagaa

Kila uchaguzi unapokaribia, magari ya matangazo hupita Kirumba na Igoma hapa Mwanza yakisema kupiga kura ni haki yako na ni wajibu wako, kwa pumzi moja, kana kwamba ni maneno mapacha. Kwa mvuvi wa dagaa aliye kambini, maneno hayo yana uzito tofauti kabisa. Kura ikiwa haki, anayeulizwa ni serikali: je, sanduku limemfikia? Ikiwa wajibu, anayeulizwa ni yeye: mbona hukwenda?

Katiba yetu ya mwaka 1977 haichanganyi. Ibara ya 5 inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Wajibu wa raia umewekwa mbele zaidi, ibara ya 25 hadi ya 28: kufanya kazi, kutii sheria za nchi, kulinda mali ya umma, kulilinda taifa. Kura haimo. Anayemlaumu asiyepiga kura anazungumzia wajibu wa kimaadili, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Wanaosema ni wajibu wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko upande wao. Kijijini ufukweni, mwenyekiti na halmashauri ya kijiji si watu wa sherehe. Ndio wanaopendekeza sheria ndogo, ndio wanaogawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ndio wanaokuandikia barua ya utambulisho unapotaka mkopo au unapofuatilia kitambulisho. Wavuvi wasipopiga kura, viongozi hao huchaguliwa na wachache waliobaki nchi kavu, na tozo ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, hupangwa na watu ambao hawajawahi kulala ziwani. Mama anayenunua dagaa kwa ndoo na kuwaanika mchangani analipa gharama ya uamuzi huo kila siku, awe alipiga kura au hakupiga.

Upande wa pili nao hauwezi kuitwa uvivu. Kuna raia anayekaa nyumbani kwa sababu amefikiri. Katika uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwa kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Tume ilitangaza mgombea aliyeshinda urais amepata asilimia 97.66. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukufikia viwango walivyojiwekea. Intaneti ilizimwa, damu ilimwagika, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji iliyopata machafuko. Ukimwambia mtu aliyejifungia ndani siku ile kwamba amekwepa wajibu, unamwonea. Alitazama karatasi, hakuona chaguo lake, akaamua kutoipa mkono wake. Huo pia ni uamuzi wa kiraia.

Ubishi wa kushiriki au kususia tumeurithi. Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua kama itaingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo. Mkulima wa kawaida wa pamba hakuwa na nafasi hapo. Kwetu Kanda ya Ziwa machungu yalizidi: serikali ya kikoloni ilikuwa imekataa kusajili matawi ya TANU Usukumani, na mwaka huohuo watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga mabaraza ya mchanganyiko wa rangi, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwalimu Nyerere alisimamia kushiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda chama chake. Walioshiriki walishinda, na Desemba 1961 uhuru ukaja.

Watu huutumia mfano huo kumnyamazisha anayesusia. Mimi naona haufiki mwisho wa safari. Sheria za 1958 zilikuwa mbaya, lakini TANU ilikuwa na watu wake wa kuwapigia kura. Mtemvu alikosea hesabu kwa sababu mlango, hata kama ulikuwa mwembamba, ulikuwa wazi. Mlango ukifungwa, hesabu nayo inabadilika.

Sasa nirudi ziwani, maana kuna jambo ambalo sijaona likipewa uzito mezani pa wanaopanga ratiba. Dagaa huvuliwa kwa kufuata mwezi wa angani. Kukiwa na giza, taa huwavuta dagaa juu na mitumbwi hutoka kila usiku. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi, wavuvi hutengeneza nyavu, hulipwa, na wengi hupanda boti kurudi Ukerewe, Sengerema, Magu au Musoma kuona familia. Maisha ya ufukweni yote, kuanzia deni la dukani hadi harusi, hufuata kalenda hiyo.

Chukua tarehe za uchaguzi uziweke juu ya mwezi. Uchaguzi mkuu wa 25 Oktoba 2015 ulifanyika siku mbili kabla ya mwezi kujaa. Ule wa 28 Oktoba 2020, siku tatu kabla. Bahati njema. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa 24 Novemba 2019 uliangukia siku mbili kabla ya mwezi mpya, katikati ya giza. Wa 27 Novemba 2024, siku nne kabla ya mwezi mpya, giza tena. Na hapo 2024 kuna la kuumiza zaidi: wakazi waliandikishwa kwa ajili ya uchaguzi huo kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, na mwezi ulijaa tarehe 17. Wavuvi walikuwa nyumbani kujiandikisha, kisha siku ya kura ikawakuta kazini.

Utasema: dagaa huvuliwa usiku, na kura hupigwa mchana. Ni kweli. Anayevua mbele ya kijiji chake anaweza kushusha mzigo alfajiri, akanawa, akaenda kupanga foleni na usingizi machoni. Huyo simtetei sana. Namzungumzia aliyeandikishwa kisiwani Ukara na ambaye siku ile yuko kambini kwenye kisiwa cha Goziba, upande wa Muleba. Kituo chake kiko mbali, na kwenda na kurudi ni kupoteza zaidi ya usiku mmoja wa kazi, kwa tajiri ambaye anaweza kuijaza nafasi yake jioni hiyohiyo. Tena Novemba ni msimu wa mvua. Wanawake waliotandaza dagaa asubuhi hawathubutu kuondoka ufukweni wingu likiwa limetanda, kwa sababu dagaa walioloa huoza na mtaji huenda nao.

Wapo wanaopendekeza tufanye kama Australia, ambako kura ni lazima tangu 1924 na asiyepiga bila sababu hutozwa faini. Mahudhurio yao kwa miaka mingi yamekuwa juu ya asilimia 90, ilhali sisi mwaka 2010 tulikuwa karibu 43. Mfano huo unavutia hadi uutazame kwa ndani. Kule kura hupigwa Jumamosi, unaweza kupiga mapema au kwa posta, na maofisa huwafuata watu wa maeneo ya mbali na masanduku yao. Brazil nayo hulazimisha, lakini aliye mbali na kwao anaruhusiwa kueleza sababu ya kutopiga kura. Dola hizo zilikubali kubeba mzigo wao kabla ya kumdai raia. Sisi tukianza na faini, tutawatoza wavuvi kwa kosa la kuwa kazini, na kazi ndiyo wajibu wa kwanza uliotajwa na Katiba.

Kwa hiyo nasimama hapa: nitaendelea kumsihi jirani yangu apige kura, hasa ya mwenyekiti wa kijiji, na sitamwita mtovu wa wajibu mpaka vituo vimfikie hadi kambini kwenye visiwa, mpaka aweze kumpigia kura angalau rais akiwa popote alipo, na mpaka karatasi iwe na majina yanayostahili safari yake. La tarehe ni rahisi kuliko yote, halihitaji hata shilingi. Mwezi hujulikana miaka mingi kabla. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukirudi Novemba 2029, mwezi utajaa tarehe 21. Wiki hiyo wavuvi wengi watakuwa majumbani. Oktoba 2030, mwezi mpya ni tarehe 26. Uchaguzi mkuu ukiwekwa tena wiki ya mwisho ya mwezi huo, kama chaguzi kuu tatu zilizopita, mitumbwi itakuwa ziwani.