Waacheni wasome kwa sauti

Vyuo vikuu vyenye kozi ya uandishi wa kubuni hupenda kutoa tangazo la aina moja mwisho wa muhula: fulani kashinda tuzo, fulani hadithi yake imechapishwa, na Ijumaa kuna jioni ya usomaji, nyote mnakaribishwa. Hapa Kampala tangazo kama hilo likitoka, wapo wanaopongeza na wapo wanaouliza: karo yote hiyo ni ya kwenda kusomeana hadithi?

Wana haki ya kuuliza. Mzazi aliyeuza kipande cha shamba ili mwanawe asome anataka kuona matunda, na kinachoonekana mara nyingi ni ukumbi wenye watu kumi na watano, nusu yao wanadarasa wenzake. Tena ukitazama majina makubwa, vyuo vyetu havina mengi ya kujivunia. Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kutwaa Tuzo ya Caine, tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007, alikuwa mwanachama wa Femrite, jumuiya ya waandishi wanawake iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990. Jennifer Nansubuga Makumbi alikwenda kusomea uandishi Uingereza. Taban lo Liyong, aliyekulia Gulu, alipata shahada yake ya uandishi Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Kwa hiyo wapinzani wanasema mwandishi wa Uganda hutengenezwa Kamwokya, mtaa wa Kampala yaliko makao ya Femrite, au ng'ambo, na chuo kinakuja baadaye kupiga naye picha.

Kuhusu hiyo orodha ya tuzo, mimi niko upande wao. Ila wakishaitupa orodha, wanautupa na usomaji, na hapo ndipo tunapoachana. Maana huko Kamwokya wanakokusifu, Femrite ina klabu yake ya Jumatatu. Inafanya nini? Waandishi wanasomeana kazi, wanakosoana, wanarudi nyumbani kuandika upya.

Kuna mkutano mmoja ambao siachi kuurejea. Juni 1962, waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikusanyika Makerere. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, alikuwa mwanafunzi hapo. Aliingia kwa tiketi ya hadithi fupi mbili: moja ilitoka katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya Makerere, nyingine katika Transition, lililokuwa likitolewa hapa Kampala. Hadithi mbili tu. Shaaban Robert, mwenye vitabu vya mashairi na vya nathari, hakustahili kuitwa, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuyaandika haya waziwazi, akijitaja yeye na hadithi zake mbili upande mmoja na Shaaban Robert upande wa pili. Kila ninaposikia chuo kikihesabu mafanikio ya waandishi wake, huwa najiuliza ni Shaaban Robert gani wa leo aliyeachwa nje ya hesabu.

Lakini mkutano uleule una upande wake wa pili. Mwanafunzi yule alimkabidhi Chinua Achebe mswada wa riwaya yake. Achebe aliusoma, akatoa maoni, akaufikisha kwa wachapishaji Heinemann, na mwaka 1964 ukatoka kitabu. Hakukuwa na tuzo hapo. Kulikuwa na kijana mwenye karatasi, na mtu aliyekubali kumpa muda wake.

Sisi wa Kiswahili ndio tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Utenzi ulighaniwa kabla ya kupigwa chapa, na vina na mizani ni kazi ya sikio. Anayeona kusoma kwa sauti ni mapambo amesahau tulikotoka.

Nilikaa katika jioni moja ya namna hiyo, katika chuo kimoja cha hapa mjini. Ilianza vibaya: hotuba ya mgeni rasmi ilikula karibu saa nzima, kipaza sauti kikakatika, na hilo nalo wapinzani wanalisema sawa. Kisha akasimama msichana wa mwaka wa pili na hadithi ya Kiswahili kuhusu nyanya yake, muuza dagaa. Alisoma kwamba nyanya alijawa na huzuni kuu isiyoelezeka. Watu wakajisogeza vitini. Aya mbili mbele, nyanya akaikunja noti ya elfu mbili mara nne, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaifungua tena kuhakikisha imo. Ukumbi ukanyamaza. Hata aliyekuwa akichezea simu mbele yangu aliinua kichwa.

Alipokaa nilimwona akiitoa kalamu. Akapiga mstari juu ya ile huzuni isiyoelezeka, akapiga na sentensi ya kabla yake, akaendelea. Mwalimu anaweza kuandika pambizoni "punguza maelezo" muhula mzima. Msichana yule alihitaji kuwasikia watu wakijisogeza.

Na kulikuwa na jambo jingine ukumbini. Serikali ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kuagiza kifundishwe shuleni, lakini kwa Waganda wengi wa rika la wazazi wangu, Kiswahili ni lugha waliyoamrishwa nayo kwenye vizuizi vya barabarani, bunduki ikiwa karibu. Agizo la baraza la mawaziri halifuti sauti ile masikioni. Nyanya wa dagaa na noti yake anaweza kuanza kuifuta, akisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuja wenyewe. Ndiyo maana ningependa jioni hizi ziongezwe, Kiswahili, Luganda na Kiacholi vipewe nafasi humo, na mgeni rasmi apewe dakika tano.

Msichana yule hajashinda tuzo yoyote, na jina lake halimo katika tangazo la mwisho wa muhula. Usiku ule hadithi yake ilikuwa na kurasa kumi na moja. Aliponipa niisome tena ilikuwa na sita.