Mzizi wa Taita una nguvu kuliko wa pwani?

Wapo wauza dawa za miti shamba hapa Mombasa watakaokuapia kwamba mzizi wa mti wa mjafari uliochimbwa vilima vya Taita una nguvu kuliko wa pwani. Wasomi hucheka: mti ni ule ule, hiyo ni biashara tu. Biashara imo, sikatai, lakini muuzaji anapuuzwa mno.

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Vuria, kilele cha Taita, kina mita 2,208. Mjafari hauendi juu hivyo, ila kadiri unavyopanda ndivyo bakteria na kuvu za udongoni zinavyozubaa kwa baridi, majani yanakawia kuoza na naitrojeni inabaki humo humo. Mvua na ukungu wa kutoka Bahari ya Hindi huosha udongo hadi ukawa na tindikali. Huku kisiwani tumekalia matumbawe, chokaa tupu.

Chukua kirutubisho kimoja tu, fosforasi. Penye tindikali hunaswa na chuma na alumini. Penye chokaa hunaswa na kalisi. Mti una njaa kote kuwili, ila kufuli si moja. Mzizi humwaga sukari na asidi kuvialika vijidudu vya kuifungua, na vinavyoitika Taita si lazima viwe vya Nyali. Kuna na kuvu zinazoishi ndani ya mzizi wenyewe: hutandaza nyuzi mbali usikofika mzizi, zirudi na fosforasi, zilipwe sukari. Mti ukilishwa vingine, hata kemikali zake chungu, ambazo ndizo dawa tunayoinunua, zinaweza kubadilika. Huo ni ushirikina?

Wasomi nao wana lao. Utafiti wa milima ya Andes, Peru, uliochapishwa 2011, ulikuta wingi wa aina za bakteria haufuati mwinuko kama ufuatavyo wa mimea na wanyama. Mwingine wa 2006, wa udongo wa Amerika Kaskazini na Kusini, ulionyesha tindikali ndiyo inayoeleza zaidi wingi huo wa aina za bakteria. Mita tupu hazitoshi, basi, na tofauti si lazima iwe nguvu. Nguvu hupimwa maabara.

Mimi ningemlipa ziada muuzaji anayejua mzizi umetoka msituni au ukingoni mwa shamba la mboga. Mbolea ya fosfeti, yaani yenye fosforasi, huweza kuufanya mti upunguze kuzilisha kuvu zake, hata ukiwa juu kiasi gani.